Mpunga umelala: historia ya bua, kutoka Taiwan hadi majaluba ya Misungwi

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana bila hilo nisingekuwa na sababu ya kuandika makala hii.

Mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili nilikwenda likizo kwa mjomba. Anakaa si mbali na Usagara, pale njia panda ambapo barabara ya kutoka Mwanza mjini inagawanyika, moja ikielekea Shinyanga na nyingine ikienda Kigongo kuvuka ziwa. Mjomba ana majaluba matatu ya mpunga wa Supa, yote pamoja kama nusu ekari. Mpunga ulikuwa mzuri tu, lakini mimi mwenye elimu mpya nikaona ungeweza kuzaa mara mbili. Nikamwambia, "Mjomba, weka urea."

Akaniuliza, "Una uhakika?"

Nikamwambia vitabu viko wazi kabisa. Akaenda kununua mfuko wa kilo 50, akauweka wote.

Kwa wiki kadhaa nilikuwa shujaa wa familia. Majani yalikolea kijani hadi yakaonekana meusi kwa mbali, majirani wakapita kutazama. Nikarudi chuoni. Kisha, masuke yakiwa yameanza kujaa, ikaja mvua ya usiku mmoja na upepo kutoka ziwani. Asubuhi simu ikaita.

"Mpwa wangu, mpunga wako umelala."

Si mpunga wetu, wala si mpunga wake. Wako. Mjomba alizoea kupata magunia sita pale. Mwaka ule alipata manne, na sehemu yake ilikuwa na punje zilizoota zikiwa bado kwenye suke, kwa sababu masuke yalikaa siku kadhaa majini. Wavunaji nao wakadai zaidi, maana kukata mpunga uliolala ni kazi ya kuinama kila hatua, unautafuta kwenye tope kama unatafuta sindano.

Ndiyo maana nikaanza kusoma kuhusu bua. Nilichokuta ni historia ambayo ndani yake kuna Galileo, kuvu wa Kijapani, mpunga mmoja wa Taiwan wenye miguu mifupi, na udongo wa Usukuma. Twende taratibu.

Fimbo yenye mzigo kileleni

Chukua fimbo ndefu, funga jiwe kwenye ncha yake, isimamishe wima mkononi. Ikiwa wima kabisa, hakuna shida. Sasa iinamishe kidogo. Utahisi kiganja kinasokotwa. Fimbo ikiwa ndefu zaidi, au jiwe likiwa zito zaidi, kiganja kinateseka zaidi. Bua la mpunga linaishi maisha hayo tangu siku suke linapochomoza. Kila punje inayojaa ni jiwe linaloongezwa kileleni, na kiganja chetu hapa ni zile pingili mbili tatu za chini, karibu na maji. Mpunga ukilala, mara nyingi umepindia hapo.

Mmea una njia chache za kujitetea. Ya kwanza ni kuwa na bomba badala ya nguzo. Galileo, tunayemjua zaidi kwa habari za sayari, aliliandika hili katika kitabu chake kilichochapwa Leiden mwaka 1638: bua la nafaka lina uwazi ndani, na kama kiasi kilekile cha nyama yake kingejazwa katikati kutengeneza kijiti kisicho na uwazi, lingepinda na kuvunjika kwa urahisi zaidi. Mafundi wa baiskeli na wa mabomba ya kiunzi wanaifahamu siri hiyo bila kumsoma Galileo.

Ya pili ni unene. Hapa hesabu inashangaza. Uwezo wa bua kukataa kupinda unakua kwa kipenyo mara nne kwa kujizidisha, yaani ukiongeza kipenyo kwa asilimia 20 tu, uwiano wa ukuta wake ukibaki uleule, ugumu unapanda hadi zaidi ya mara mbili. Piga mwenyewe kwenye simu: 1.2 mara 1.2 mara 1.2 mara 1.2. Kumbuka namba hiyo, nitairudia.

Ya tatu ni vifaa vya ujenzi: selulosi inayofanya kazi kama nondo, lignini inayofanya kazi kama saruji, na silika, mchanga ambao mpunga hufyonza kwa wingi kutoka kwenye udongo na kuuweka kwenye ngozi yake. Ukiwahi kushika nyasi za mpunga na kuchanika kidole, umeonja silika. Kuna mipunga yenye kasoro ambayo mabua yake hukatika mkononi kama tambi kavu ingawa urefu wake ni wa kawaida. Mwaka 2003 watafiti wa China walionyesha kwamba jini moja lililoharibika ndani yake linapunguza selulosi kwenye kuta za seli. Kwa hiyo bua lina maswali matatu tofauti: ni refu kiasi gani, ni nene kiasi gani, na limejengwa kwa nini. Mimi siku ile kwa mjomba nilikuwa sijauliza hata moja.

Naitrojeni ndiyo inayovuruga yote matatu kwa mpigo. Mpunga mrefu ukipewa naitrojeni nyingi unarefusha pingili za chini, majani yanakuwa mengi na kufunika shina lisipate mwanga, kuta za seli zinakuwa nyembamba, halafu suke linakuwa zito. Yaani unaongeza jiwe, unarefusha fimbo na kudhoofisha kiganja. Mfuko mmoja wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Kwenye nusu ekari hiyo ni zaidi ya kilo 110 kwa hekta. Kiwango nilichokuwa nimekisoma kilikuwa cha mbegu fupi, na Supa si mbegu fupi.

Tatizo hili si la mpunga peke yake, kwa kweli. Hata bangi, mmea ambao sheria yetu inaukataza na ambao mimi siulimi (mama, kama unasoma, siulimi), una historia hiyohiyo. Ile ya nyuzi, iliyosokota kamba za meli za Ulaya kwa karne nyingi, ilichaguliwa kwa ajili ya bua lenyewe: ilipandwa kwa kubanana ili ipande juu ikiwa imenyooka bila matawi. Ile inayolimwa kwa ajili ya maua, katika nchi zilizoruhusu, imechaguliwa kwa ajili ya kichwa. Kwa hiyo leo wakulima wake wanafunga vijiti na kutandaza nyavu ili matawi yasivunjike kwa uzito, na wazalishaji wa mbegu wameanza tena kutafuta bua imara. Ukichagua kichwa kwa miaka mingi bila kulitazama shina, shina litakudai.

Kuvu, kisiwa na jini moja

Historia ya jinsi wanasayansi walivyolikabili bua la mpunga inaanzia Taiwan, ikiwa chini ya Wajapani. Huko kulikuwa na ugonjwa ulioitwa bakanae, "mche mpumbavu". Miche iliyougua ilirefuka haraka kuliko mingine, ikawa myembamba na kupauka, kisha ikaanguka. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba si lazima kuvu mwenyewe awepo. Majimaji yaliyochujwa kutoka kwa kuvu yalitosha kuirefusha miche yenye afya. Mwaka 1935 Teijiro Yabuta akaipa kemikali hiyo jina, jiberelini. Baadaye ikagundulika kwamba mimea yenyewe hutengeneza jiberelini kila siku. Ni homoni ya kurefuka. Yule kuvu alikuwa anazidisha dozi tu.

Kisiwa hichohicho kilikuwa na mpunga wa wakulima ulioitwa Dee-geo-woo-gen, jina ambalo maana yake ni kama "miguu mifupi, ncha nyeusi". Ulikuwa mfupi kwa asili, na kwenye mbolea haukulala. Mwaka 1956 watafiti wa Taiwan walitoa mbegu iliyozaliwa nao, Taichung Native 1. Mwaka 1962, kwenye taasisi mpya ya kimataifa ya utafiti wa mpunga huko Los Baños, Ufilipino, Peter Jennings akauchanganya mpunga huo wa miguu mifupi na Peta, mpunga mrefu wenye nguvu kutoka Indonesia. Ulikuwa mchanganyiko wa nane kati ya 38 aliofanya. Henry Beachell akaendelea kuchambua watoto na wajukuu wake, na Novemba 1966 ikatolewa IR8.

IR8 ilikuwa na urefu wa kama mita moja. Ilikula mbolea bila kulala, na kwenye majaribio ilifika zaidi ya tani 9 kwa hekta, wakati ambapo wakulima wengi wa Asia walikuwa wakivuna tani moja hadi mbili. Watu waliiita mpunga wa miujiza. Pia wali wake ulikuwa mgumu ukipoa, na mchele ulikatika sana mashineni. Hilo la ladha huwa linatajwa harakaharaka kwenye simulizi za Mapinduzi ya Kijani, kana kwamba ni malalamiko ya watoto. Kwa mtu anayekula wali kila siku ya maisha yake, si jambo dogo.

Mwaka 2002 watafiti wa Japani na Australia walilipata jini lenyewe, sd1. Kazi yake ya kawaida ni kutengeneza kimeng'enya cha hatua za mwisho za kupika jiberelini. Kwenye Dee-geo-woo-gen jini hilo limekatika kipande. Jiberelini inapungua shinani, pingili zinakuwa fupi. Kwa maneno mengine, mpunga wa miujiza ni kinyume cha mche mpumbavu: mmoja umezidishiwa homoni, mwingine umepunguziwa.

Lakini hebu tazama vizuri kilichofanyika. Kati ya yale maswali matatu ya bua, sd1 inajibu moja tu, urefu. Bua halikuongezewa unene wala halikujengwa kwa vifaa bora zaidi. Walikata fimbo. Ilikuwa njia ya mkato nzuri ajabu, na mamilioni ya watu walikula kwa sababu yake, sibishi. Ila kwa kuwa ilifanya kazi haraka hivyo, kwa miaka mingi watu wengi walizungumza kana kwamba mpunga mfupi na mpunga imara ni kitu kimoja.

Kwa nini Usukuma haukukata fimbo

Sasa rudi Misungwi. Ukisimama kwenye kilima chochote huku kwetu na kushuka bondeni, udongo unabadilika chini ya miguu kwa mpangilio unaojirudia. Juu kwenye mawe kuna luseni, mchanga mwepesi. Chini zaidi kuna itogolo, ambao una tabaka gumu chini yake na maji hayapenyi. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi. Wasukuma walikuwa na majina haya kabla mtafiti yeyote hajafika. Geoffrey Milne, mwanasayansi wa udongo aliyekuwa Amani kule Usambara, alipendekeza mwaka 1935 neno la Kilatini la kueleza mpangilio kama huo, catena, yaani mnyororo. Leo liko kwenye vitabu vya udongo dunia nzima, na miteremko ya Ukiriguru ni mojawapo ya mifano inayotajwa.

Itogolo ndio udongo wa majaluba. Mpunga wenyewe si zao la asili la Usukuma. Uliingia na wafanyabiashara wa misafara karne ya 19, na kilimo cha majaluba kikaenea karne ya 20. Jaluba ni ujanja wa kutumia ubaya wa udongo: kwa kuwa maji hayapenyi, unajenga tuta kuzunguka kipande cha ardhi na kungoja mvua. Hakuna mfereji wa kuleta maji na hakuna mlango wa kuyatoa. Mvua ikinyesha kwa fujo, maji yanapanda hadi pale yatakapomwagikia juu ya tuta. Ikikatika wiki tatu, udongo unapasuka.

Weka IR8 hapo. Mche mfupi uliopandikizwa leo, kesho kutwa uko chini ya maji. Magugu yanaupita kimo na kuuzibia jua. Mbolea iliyomfanya awe muujiza huko Los Baños inachukuliwa na maji yanayomwagika. Halafu baada ya mavuno ng'ombe wanaingia, na mpunga mfupi una nyasi kidogo za kuwalisha. Mpunga mrefu unashinda kwenye mambo hayo yote, na unashindwa kwenye moja tu: ukishibishwa sana, unalala. Wakulima wakalitatua hilo kwa njia rahisi kuliko zote. Hawakuushibisha. Kwa hiyo mara nyingi tunapomwona mkulima wa jaluba hanunui mbolea, na sisi wenye shahada tunaandika kwenye ripoti kwamba "elimu bado haijafika", huenda tunamtazama mtu anayelijua bua lake vizuri kuliko sisi.

Utafiti nao haukuwa umeelekea huko. Kituo cha Ukiriguru, mwendo mfupi tu kutoka Usagara, kilianza miaka ya 1930, na kwa miongo mingi sifa yake kubwa imekuwa pamba. Mbegu za pamba zinazoanza na herufi UK, zilizofahamika kwa kila mkulima wa Kanda ya Ziwa, zimebeba jina la kituo hicho. Pamba ilileta fedha za kigeni. Mpunga ulikuwa chakula cha watu.

Fimbo ilikatwa kweli Tanzania, lakini mbali na hapa, Dakawa mkoani Morogoro, penye umwagiliaji. Kituo cha utafiti cha pale kiliitwa Cholima, jina la farasi wa hadithi za Kikorea, kwa sababu kilianzishwa kwa ushirikiano na Korea Kaskazini. Kutoka huko ikatoka TXD 306, iliyoidhinishwa mwaka 2002, mwaka uleule jini la sd1 lilipotambuliwa. Wengi tunaijua kama SARO 5, kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha mchele wenye harufu nusu. Nusu! Jina la mbegu limekiri lenyewe. Ni fupi kuliko Supa, inavumilia mbolea, inazaa sana, na kwenye skimu za umwagiliaji imepokelewa vizuri. Lakini ingia soko lolote la Mwanza uulize mchele wa kunukia, muuzaji atakuonyesha Supa, na bei yake.

Sisemi SARO 5 ni mbegu mbaya. Ni mbegu nzuri kwa mtu mwenye mfereji na mlango wa maji. Mjomba ana tuta na mawingu.

Fimbo nene

Mwaka 2010 kikundi cha Taiichiro Ookawa huko Tokyo kilichapisha matokeo ambayo nilipoyasoma nilirudia ukurasa mara mbili. Walichukua Habataki, mpunga wenye mabua manene, wakatafuta ni kipande gani cha jinomu kinacholeta unene huo. Wakapata eneo walilolipa jina SCM2, na ndani yake jini ambalo tayari lilijulikana kwa kazi ya kuunda suke. Toleo la Habataki la jini hilo linafanya kazi kwa nguvu zaidi kidogo. Matokeo yake bua linanenepa na punje kwenye suke zinaongezeka, bila kuukata mmea kimo.

Sasa ile namba niliyokuomba uikumbuke. Bua lililonenepa kwa sehemu ndogo tu linapata ugumu mkubwa, kwa sababu ya kule kujizidisha mara nne. Kumbe swali la pili, lile la unene, lilikuwa na jibu muda wote, ila hatukulitafuta kwa bidii kwa kuwa la kwanza lilikuwa limelipa vizuri mno.

Kupeleka unene huo ndani ya mpunga kama Supa ni kazi ya mseto wa kurudia: unachanganya na mzazi mnene, kisha unamrudisha mtoto kwa Supa kizazi baada ya kizazi, kila mara ukichagua kwa vipimo vya vinasaba wale waliobaki na jini la unene, na pia wenye lile jini la harufu. Hakuna uchawi ndani yake. Inahitaji miaka, mashamba ya majaribio yaliyo kwenye itogolo halisi na si kwenye skimu yenye mfereji, na mtu wa kuinama kupima kipenyo cha pingili za chini. Kipimo cha kawaida cha kulala ni kutazama shamba na kukadiria asilimia iliyoanguka, ambacho mwaka usio na upepo hakikuambii kitu chochote. Kipenyo hakingoji upepo.

Mwaka jana nilirudi kwa mjomba, safari hii na kaliba ya plastiki mfukoni. Tulipima mabua thelathini ya Supa yake, mimi nikisoma, binamu yangu akiandika. Mengi yalikaribiana, lakini matatu yalikuwa manene waziwazi kuliko wenzake, na mjomba akayafunga uzi mwekundu ili asiyachanganye wakati wa kuvuna. Urea anaweka bado, lakini robo ya mfuko, kwa mikupuo miwili, na kwenye jaluba la juu tu ambalo halishiki maji mengi.

Akaniuliza kama pale chuoni tayari kuna Supa ndefu yenye bua nene, ainunue. Nikamwambia bado.

"Basi na wewe," akasema, "bado hujamaliza shule."